Kurekodi Muziki Chumbani: Chumba Kwanza, Maiki Baadaye

Mtu akiamua kurekodi nyumbani, swali lake la kwanza huwa ni maiki gani anunue. Swali hilo lingekuja la tatu. La kwanza ni atarekodia wapi, la pili ni atarekodi nini. Maiki ya bei kubwa ikiwekwa katika chumba cha matofali, sakafu ya saruji na madirisha ya vioo, itanasa mwangwi wa chumba hicho kwa ufasaha mkubwa, na mwangwi ukishaingia kwenye rekodi hakuna wa kuutoa. Maiki ya bei nafuu iliyo karibu na mdomo, ndani ya chumba chenye godoro, mapazia mazito na kabati la nguo, itatoa sauti ambayo msikilizaji hatajiuliza ilirekodiwa wapi.

Maelekezo haya ni ya mtu mwenye chumba kimoja na kompyuta mpakato, anayetaka kurekodi sauti ya kuimba, gitaa au udi, na pengine ngoma moja moja.

Chumba

Simama katikati ya chumba, piga kofi moja kali, sikiliza. Ukisikia mlio mfupi unaotetemeka kama chemchemi ya chuma baada ya kofi, kuna kuta mbili tupu zinazotazamana na sauti inarukaruka kati yake. Sogea hatua mbili, piga tena. Utagundua kona fulani zina nafuu. Chumba cha kulala karibu kila mara hushinda sebule, kwa sababu kitanda na nguo zinafanya kazi unayotaka kulipia. Jiko na bafu visahau kabisa.

Chumba cha mraba kina tatizo la ziada kwenye besi. Kuta zilizo mita 3 kutoka moja hadi nyingine huzidisha sauti ya karibu hezi 58 (mitetemo 58 kwa sekunde), na kama urefu, upana na kimo vyote ni mita 3, noti hiyohiyo inazidishwa mara tatu. Ndiyo maana besi fulani inanguruma na nyingine inapotea ukisikiliza kwenye spika. Huwezi kubomoa kuta, lakini unaweza kuepuka kusimama katikati kabisa ya chumba na kuepuka kona, ambako besi hujikusanya. Sehemu nzuri ya kuanzia ni theluthi moja ya urefu wa chumba, uso ukielekea upande mrefu.

Sasa kuhusu kunyonya sauti. Trei za mayai hazifai. Karatasi yake ni nyembamba mno. Inapunguza kidogo sauti za juu tu, na chumba kinabaki na sauti nzito inayovuma, kwa sababu sauti za kati na za chini hazikuguswa. Hata sponji zile za vipande vya sentimita 3 au 4 zina kasoro hiyohiyo. Unene ndio unaofanya kazi: sponji ya sentimita 10 huanza kunyonya vizuri kuanzia takriban hezi 850 kwenda juu, na ukiitenga na ukuta kwa sentimita 10 nyingine inafika chini zaidi. Godoro la kawaida lililosimamishwa, likiachwa nafasi ya kiganja kati yake na ukuta, ni kifaa cha studio. Kabla ya kununua sponji yoyote, weka mdomo juu yake na upulize. Pumzi ikipita kwa taabu kidogo, ni nzuri. Isipopita kabisa, kama ile ya kufungashia televisheni, inarudisha sauti badala ya kuinyonya. Kipimo hichohicho kinafaa kwa blanketi na mapazia: kitenge kimoja hakifanyi kitu, blanketi zito lililokunjwa mara mbili linafanya.

Wengi hubandika sponji ukutani nyuma ya maiki, mbele ya uso wa mwimbaji. Maiki nyingi za kuimbia zinasikia vizuri kwa mbele na karibu hazisikii kitu nyuma yake. Mbele ya maiki kuna nani? Wewe, na ukuta ulio nyuma yako. Ukuta huo ndio unaorudisha sauti moja kwa moja ndani ya maiki. Kwa hiyo blanketi la kwanza lining'inie nyuma ya mgongo wa mwimbaji, la pili pembeni, na la tatu, kama dari liko chini au bati liko wazi, juu ya kichwa. Yakibaki mabaki ndipo uyapeleke nyuma ya maiki. Chini tandika zulia au mkeka juu ya blanketi.

Kunyonya mwangwi ni kazi moja, na kuzuia kelele za nje ni kazi nyingine. Blanketi halizuii bodaboda. Kelele huzuiwa na uzito na kuziba matundu: viringisha taulo uzibe uwazi wa chini ya mlango, funga madirisha, zima feni na kiyoyozi, chomoa friji ikiwa iko chumba cha pili, kisha uweke ufunguo wa nyumba ndani ya friji usije ukasahau kuirudisha. Kinachobaki kinatatuliwa na saa. Kati ya saa sita usiku na saa kumi alfajiri, kabla ya adhana na majogoo, mtaa wowote wa mjini unakuwa studio kuliko mchana. Chini ya bati, mvua ikianza, acha. Hakuna plagini (programu ndogo ya kurekebisha sauti) itakayokuokoa.

Ukishapanga chumba, pima. Weka kiwango cha maiki kama unavyotaka kuimbia, kaa kimya, rekodi dakika moja. Mita ya sauti kwenye programu ikikaa chini ya desibeli -60, endelea. Ikikaa juu ya -50, tafuta kinachopiga kelele kabla ya kuimba hata mstari mmoja.

Maiki

Kuna familia mbili utakazokutana nazo. Maiki ya dainamiki, kama Shure SM58 ambayo imekuwa sokoni tangu 1966, haihitaji umeme, inavumilia kuangushwa, na haisikii mbali. Maiki ya kondensa, kama Audio-Technica AT2020 au Rode NT1, inahitaji umeme wa volti 48 unaopita kwenye kebo yake yenyewe, inasikia kwa undani zaidi, na inasikia pia jirani anapokohoa.

Kwa chumba ambacho hakijatulia, anza na dainamiki. Wauzaji wengi watakusukumia kondensa kwa sababu ndiyo inayoonekana kuwa ya studio, na kifurushi cha kondensa ya bei rahisi chenye stendi ya mezani, sponji na kebo kinavutia macho. Kondensa ya bei rahisi huwa na sauti za juu zilizotiwa chumvi, herufi "s" zinachoma masikio, na mwangwi wote wa chumba unaingia. Nunua kondensa baada ya chumba kupita kipimo cha kofi, na hasa kama kazi yako ni gitaa, udi au sauti laini ya chini.

Tahadhari nyingine inahusu Shure SM7B, maiki ambayo watangazaji wa mitandaoni wameifanya itamaniwe. Ni maiki nzuri, lakini sauti inayotoka ndani yake ni ndogo: mtengenezaji mwenyewe anataka kikuza sauti chenye angalau desibeli 60. Saundi kadi (kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta) nyingi za bei ya kati, hasa za zamani kidogo, zinaishia kwenye 56 hivi. Ukiiunganisha hapo utafungua kitufe hadi mwisho na bado utapata sauti ndogo iliyochanganyika na mvumo, kisha utalazimika kununua kikuza sauti cha nyongeza. Ukijumlisha gharama hizo, fedha ileile ingetosha maiki ya kawaida, hedifoni nzuri na magodoro mawili.

SM58 za bandia ni nyingi, Kariakoo ya Dar es Salaam hata Luthuli Avenue ya Nairobi. Ile halisi ina uzito wa gramu 298. Chukua mzani mdogo wa jikoni. Bandia nyingi ni nyepesi. Kipimo cha pili ni cha masikio: vaa hedifoni, ongea mbele ya maiki kwa umbali wa kiganja, kisha izungushe polepole mpaka mkia wake ukuelekee. Sauti ishuke sana. Ikibaki karibu vilevile, hiyo maiki haichagui upande, na chumbani itakusumbua. Muuzaji akikataa usijaribu, nenda duka la pili.

Maiki za kuchomeka moja kwa moja kwenye USB ni rahisi kuanza nazo. Udhaifu wake ni kwamba siku ukitaka maiki mbili kwa pamoja umekwama, kwa kuwa kompyuta nyingi hupata taabu kuzisoma mbili kama kifaa kimoja.

Saundi kadi

Saundi kadi ya nje ndiyo mlango kati ya maiki na kompyuta, na hapa usibane sana. Tafuta yenye matundu mawili ya maiki hata kama unaimba peke yako, maana siku ya kurekodi udi na sauti kwa pamoja inakuja. Iwe na kitufe cha 48V, tundu la gitaa lenye alama ya INST au Hi-Z, tundu la hedifoni lenye kitufe chake cha sauti, na swichi ya kujisikiliza moja kwa moja ambayo huandikwa DIRECT au MONITOR. Focusrite Scarlett 2i2 na Behringer UMC202HD zote zina mambo haya. Behringer UMC22 ni nafuu zaidi, ila ina kikuza sauti cha maiki kimoja na inarekodi kwa biti 16 tu.

Biti tunayoitaja hapa si ile ya kuchania mistari. Ni kipimo cha usahihi wa namba. Rekodi kwa biti 24 na sampuli (mara ambazo sauti inapimwa) 48,000 kwa sekunde, au 44,100 ikiwa ndiyo iliyozoeleka kwako. Biti 24 zinakupa nafasi kubwa kati ya sauti ndogo na kubwa, kiasi kwamba huna sababu ya kuirekodi sauti ikiwa imejaa mpaka ukingoni. Sampuli 96,000 au 192,000 zinajaza diski bila faida ambayo msikilizaji ataisikia.

Kwenye Windows, pakua programu ya ASIO kutoka kwa mtengenezaji wa saundi kadi yenyewe kabla ya kuichomeka. Ukiruka hatua hii, kompyuta itatumia njia yake ya kawaida na utajisikia ukichelewa kwenye hedifoni. Ichomeke kwenye tundu la USB la kompyuta, usiipitishe kwenye kigawanyaji kisicho na umeme wake; upungufu wa umeme hujitokeza kama mlipuko mdogo mdogo kwenye rekodi, na watu hulaumu maiki.

Hedifoni, spika na kebo

Wakati wa kurekodi unahitaji hedifoni zilizofungwa pande zote ili mdundo usivuje na kuingia kwenye maiki. Sony MDR-7506 na Audio-Technica ATH-M50x zimo katika studio nyingi. ATH-M20x inatosha kwa mwenye bajeti ndogo. Hedifoni za Bluetooth hazifai kwa kazi hii hata kidogo, kwa sababu sauti inafika imechelewa na mwimbaji anatoka nje ya mdundo.

Spika za kumiksi, yaani za kusawazisha sauti zilizokwisha kurekodiwa, zinaweza kusubiri. Katika chumba cha mita 3 kwa 3 kisichotulizwa, spika kubwa zitakudanganya kuliko hedifoni. Ukizinunua, chagua za inchi 5, ziweke mbali na kona, kimo cha masikio, na umbali kati ya spika na spika uwe sawa na umbali kutoka kila spika hadi kichwani kwako.

Kebo za maiki ziwe za XLR pande zote mbili, za pini tatu. Kuna kebo zinazouzwa zikiwa na XLR upande mmoja na jeki kubwa ya milimita 6.3 upande wa pili, na wanunuzi huchomeka jeki hiyo kwenye tundu la gitaa. Sauti inatoka ndogo na yenye mvumo, na kondensa haiwaki kabisa, kwa kuwa volti 48 hupita kwenye XLR tu. Nunua kebo ya mita 3 au 5 na stendi ya sakafuni yenye mkono. Stendi ya mezani hupitisha kila mguso wa meza mpaka kwenye maiki.

Kompyuta na programu

Kumbukumbu ya GB 8 na diski ya SSD vinatosha kwa nyimbo nyingi. Wimbo wa dakika 4 wenye njia 20 za sauti moja moja (mono, kila njia na rekodi yake) kwa biti 24 na sampuli 48,000 unachukua takriban MB 690, kwa hiyo nafasi huisha haraka ukiweka teki zote, yaani kila jaribio la kurekodi.

Reaper ni nyepesi, inakupa siku 60 za majaribio bila kufungwa chochote, na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60. Wenye Mac wanayo GarageBand bure. FL Studio imezoeleka sana kwa watengeneza midundo, lakini fahamu kwamba toleo lake la majaribio linakuruhusu kuhifadhi kazi na halikuruhusu kuifungua tena mpaka ununue. Kazi ya usiku mzima imeshawakwamia watu hapo. Programu zilizovunjwa kufuli tunakushauri uziache. Virusi ni sehemu tu ya tatizo. Zinazimika katikati ya teki, na teki ile hairudi.

Kuingiza sauti ya kuimba

Weka maiki kwenye stendi, kimo cha mdomo au juu kidogo, ikitazama chini kuelekea mdomoni. Kwa dainamiki, mdomo ukae sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye wavu. Kwa kondensa, sentimita 15 hadi 20. Vipimo hivi vina sababu. Kila unapopunguza umbali kwa nusu, sauti yako inapanda desibeli 6 huku mwangwi wa chumba ukibaki palepale. Kutoka sentimita 60 hadi 15 umepunguza nusu mara mbili, yaani umejipatia desibeli 12 dhidi ya chumba, bila kutumia senti. Lakini ukisogea karibu kupita kiasi, besi inazidi na sauti inakuwa nzito kama ya mtangazaji wa usiku. Mtu mwenye sauti nyembamba anaweza kuitumia hali hiyo kwa faida yake. Mwenye sauti nene arudi nyuma.

Herufi "p" na "b" hutoa pumzi inayopiga maiki kama ngumi. Chujio la pumzi hutengenezwa kwa soksi ya nailoni ya kike iliyovutwa juu ya duara la waya la sentimita 15, tabaka mbili zikiachana kidogo. Liweke sentimita 5 hadi 10 mbele ya maiki, halafu mwimbaji aguse chujio kwa pua akitaka kujua kama yuko mahali pake. Njia nyingine ni kuisogeza maiki pembeni kidogo ya mdomo, kona ya digrii 30, ili pumzi ipite na sauti ibaki.

Simu yenye mashairi ndiyo mwizi asiyetazamwa. Ukiishika mbele ya maiki, kioo chake kinarudisha sauti, na simu ikitafuta mtandao inatoa ule mlio wa "dididi-dididi" kwenye rekodi. Iweke katika hali ya ndege, iwe chini ya maiki na si mbele yake. Mashairi yaliyoandikwa kwenye karatasi yabandikwe kwenye blanketi.

Kisha kiwango. Mwambie mwimbaji aimbe kiitikio, ile sehemu anayopaza zaidi, kwa nguvu zake zote. Fungua kitufe cha maiki polepole mpaka vilele vya mita vifike kati ya -12 na -10. Iache hapo. Mwimbaji akipata joto la wimbo ataongeza desibeli 4 hadi 6 bila kujua, na nafasi uliyoiacha ndiyo itakayompokea. Taa nyekundu ikiwaka hata mara moja, teki hiyo imepasuka. Punguza na urudie sehemu hiyo. Kurekodi kwa sauti ndogo kidogo kunarekebishika baadaye, kupasuka hakurekebishiki.

Washa swichi ya kujisikiliza moja kwa moja, na kwenye programu zima kusikiliza njia hiyo, la sivyo utajisikia mara mbili. Ukitaka mwimbaji asikie mwangwi wa kumpa moyo, lazima apitie kwenye programu, na hapo bafa (idadi ya sampuli ambazo kompyuta hukusanya kabla ya kuzipitisha) iwe 128 au chini yake. Bafa ya 128 kwa sampuli 48,000 ni milisekunde 2.7 kwenda, na zaidi ya mara mbili ya hapo ukijumlisha kurudi. Ya 1,024 ni milisekunde 21 kwenda peke yake, na mwimbaji ataanza kuburuta. Wakati wa kumiksi ipandishe hadi 512 au 1,024 ili kompyuta ipumue.

Punguza sauti ya hedifoni mpaka mwimbaji aanze kulalamika kidogo, kisha mpe kidogo. Mdundo ukiwa mkubwa mno masikioni, anapiga kelele na noti zinapanda. Akijisikia mno, anaimba kwa woga. Ikiwa anakosea noti, mwambie avue upande mmoja wa hedifoni, auzime upande huo au auminye kichwani ili usivuje.

Piga teki tatu kamili mwanzo mpaka mwisho kabla ya kurekebisha mstari wowote. Teki kamili zina pumzi na hisia ambazo vipande havina. Baada ya hapo ndipo urudie mistari iliyopungua, ukianza kuimba mistari miwili kabla ya pale panapotakiwa ili sauti iingie na nguvu ileile. Usihamishe stendi mpaka sauti zote za wimbo huo ziishe. Weka alama ya gundi ya karatasi sakafuni kwa miguu ya stendi na nyingine kwa miguu ya mwimbaji. Kesho mkirudi kurekebisha neno moja, alama hizo ndizo zitakazofanya neno hilo lisisikike kama limetoka nyumba nyingine.

Wachanaji wana tabia ya kukumbatia wavu wa maiki kwa kiganja. Ukiziba wavu umeziba matundu yanayoipa maiki uwezo wa kuchagua upande. Sauti inakuwa kama ya ndani ya ndoo. Mpe maiki ya pili isiyounganishwa aishike mkononi kama hawezi kuchana mikono ikiwa mitupu.

Gitaa, udi, ngoma

Gitaa la mbao lisirekodiwe kwa kuelekeza maiki kwenye tundu lake. Hewa inayotoka pale ina mngurumo wa karibu hezi 100 unaomeza nyuzi. Elekeza maiki ya kondensa pale shingo inapoungana na mwili, karibu na freti ya 12, umbali wa sentimita 20 hadi 30. Vaa hedifoni, mwambie mpigaji arudie sehemu moja, na usogeze maiki sentimita 5 kila mara. Ikisogea kuelekea kwenye tundu unapata unene. Kuelekea kwenye shingo unapata mng'ao na mlio wa vidole. Utasikia mahali ambapo vyote viwili vinakubaliana.

Udi unaanza palepale, pale shingo inapokutana na uso, lakini utahitaji kusogea kuelekea kwenye risha (kipigio cha nyuzi) zaidi kuliko kwa gitaa, maana hauna freti na uhai wake uko kwenye mguso wa risha. Ukikaribia mno, mgongano wa risha na ubao unazidi noti. Unyevu wa pwani hulegeza na kukaza nyuzi, kwa hiyo tyuni kabla ya kila teki na si kabla ya kila wimbo.

Mpigaji akiimba huku anapiga, tumia dainamiki mdomoni, karibu, ikitazama juu kidogo ili mgongo wake uelekee udi, na kondensa kwenye udi ikitazama chini mbali na mdomo. Umbali kati ya maiki mbili uwe angalau mara tatu ya umbali wa kila maiki na kile inachokisikiliza. Sikiliza zote mbili kwa pamoja. Sauti ikiwa imekonda, bonyeza kitufe cha kugeuza mwelekeo wa wimbi kwenye njia moja na uchague upande ulio mnene.

Gitaa la umeme lichomekwe kwenye tundu la INST kwa kebo isiyozidi mita 6, na sauti ya ampu uipate kwenye programu. Kama una ampu halisi, weka Shure SM57 sentimita 2 hadi 5 kutoka kwenye kitambaa chake, katikati ya kitovu cha spika na ukingo.

Ngoma inahitaji hewa. Maiki ikae sentimita 60 hadi mita 1, na ngoma iwekwe juu ya mkeka ili isitetemeshe sakafu na stendi. Besi ya ngoma iliyo wazi chini inatokea chini, kwa hiyo iinue kidogo. Kayamba ipewe mita 1 kamili na maiki isiitazame ana kwa ana. Mbegu zake zina sauti kali za juu zinazochosha sikio haraka.

Hitilafu zinazojirudia

Mvumo mzito usiokatika, noti ileile daima, ni umeme wa nyumbani wa hezi 50 na vizidisho vyake. Chomoa chaja ya kompyuta na utumie betri. Mvumo ukipotea, tatizo ni chaja au nyaya za ardhi. Chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja ya ukutani. Usikate kamwe pini ya ardhi ya plagi. Mvumo usipopotea, badili kebo ya maiki, na uzitenge kebo za maiki na za umeme. Zikilazimika kupishana, zipishane kama msalaba.

Mchirizo kama wa mvua ya mbali ni kitufe kilichofunguliwa kupita kiasi. Sogea karibu na maiki, punguza kitufe. Mlio wa kupasuka mdogo mdogo mara nyingi ni bafa iliyo chini mno au intaneti isiyotulia inayofanya kazi nyuma. Zima Wi-Fi na masasisho ya Windows. Kwenye kondensa, mlio wa kukaanga unaotokea asubuhi yenye unyevu ni maji yaliyoingia kwenye kapsuli, sehemu inayonasa sauti. Izime, iache masaa kadhaa ndani ya kopo lenye mfuniko na vifuko vya silika.

Umeme ukikatika ghafla, kompyuta yenye betri inaendelea, na saundi kadi inayopata nguvu kwenye USB nayo inaendelea. Hiyo ni sababu tosha ya kuchagua kadi ya USB badala ya ile yenye adapta ya ukutani.

Kila ukiwasha au kuzima volti 48, punguza kwanza spika na hedifoni hadi sifuri. Zima, subiri sekunde 30, ndipo uchomoe maiki. Ukimaliza kurekodi, hifadhi faili zote za WAV kwenye diski nyingine usiku huohuo kabla ya kufunga programu, zikiwa na majina ya wimbo, ala na tarehe, kisha maiki irudi kwenye mfuko wake pamoja na vifuko vya silika, mbali na dirisha la upande wa bahari.